Anayeuma Kuwili

Mwezi uliopita nilisahihisha karatasi za Kiswahili za kidato cha tatu hapa Uyole, Mbeya. Swali la nne liliwataka wanafunzi waeleze maana ya ndumilakuwili, kisha walitungie sentensi. Karibu darasa zima liliandika neno moja tu: mnafiki. Nikawapa nusu alama. Siku niliporudisha karatasi, binti mmoja wa dawati la mbele alinifuata hadi ofisini, karatasi mkononi, uso umemvimba kwa hasira anayoizuia kwa adabu.

"Shikamoo, Mwalimu. Kamusi imeandika mnafiki. Sasa tofauti iko wapi?"

Kengele ililia kabla sijamjibu jibu la maana. Nilimwambia tofauti ipo na nitamweleza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta jibu hilo, na kila nikilianza linanirudisha Isongole, jikoni kwa mama yangu, siku lori lilipokwama.

Anayepanda kutoka Uyole kwenda Tukuyu anaijua Isongole kwa baridi na kwa magunia ya viazi yaliyosimama kando ya lami. Mama analima viazi mviringo huko tangu sijazaliwa. Msimu ule alivuna magunia 42, yote ya lumbesa. Msomaji wa mbali asiyeijua lumbesa, ni hivi: gunia likishajaa hadi mdomoni halifungwi, linaongezewa viazi juu na kushonewa wavu wa kamba, mpaka linasimama na kichwa chake kama mtu aliyevaa kilemba. Kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo miaka nenda rudi. Lakini shambani hakuna mizani. Kuna gunia, kuna mkulima aliyechoka, na kuna dalali.

Dalali wetu ni mtu wa kijijini hapo hapo. Tumekua naye, tumechunga naye, amekula ugali kwa mama yangu mara zisizohesabika. Kazi yake ni halali na inajulikana: anawatafutia wakulima wanunuzi kutoka Dar es Salaam, anasimamia vijana wa kufunga na kupakia, na kila upande unampa shilingi 2,000 kwa gunia. Hakuna aliyewahi kumnung'unikia kwa hilo. Asiyekuwa na dalali viazi vinamwozea.

Basi alimpigia mama simu jioni moja. "Mama, sokoni Mabibo, Dar, viazi vimejaa, havina pa kushukia. Tajiri anatoa elfu sitini, hapandi hata mia." Mama alinyamaza kidogo. Mvua zilikuwa zinaendelea, viazi vilishachimbwa vimelala chini ya maturubai, na kiazi kikipigwa na mwanga siku nyingi kinageuka kijani, hakuna mtu anayekinunua. Akakubali elfu sitini.

Fuso lilikuja alfajiri ya Jumamosi na kuzama kwenye kona ya chini ya migomba, tope hadi kwenye ekseli. Dalali akapanda juu kutafuta majembe na vijana wa kusukuma. Mnunuzi mwenyewe alikuwa ndani ya lori, mama mmoja wa makamo kutoka Dar, amejifunga khanga mbili juu ya sweta na bado anatetemeka. Mama yangu akamwita jikoni kwenye moto. Akampa kigoda, akammiminia chai ya tangawizi. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, namenya viazi vya mchana. Bibi yetu alikuwa pembeni ya mafiga, amejifunika blanketi lake, kimya kama kawaida yake.

Wakapeana pole za safari na za mvua. Kisha yule mgeni, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya mtu anayelalamika kwa mwenzake, "Ila mwaka huu umetubana, mama mwenzangu. Elfu themanini na tano! Mpaka nifike mjini nabaki na nini?"

Mama aliitua birika polepole sana. "Nani amekwambia themanini na tano?"

"Si wewe? Nimebembeleza kwenye simu siku mbili. Naambiwa mama ana mtoto chuoni, ada inamkaba, hashuki ng'o."

"Mimi nimeambiwa wewe hupandi."

Hakuna aliyeongeza neno. Nilisikia moto ukipasuka na vijana wakiitana kwa mbali. Wale wanawake wawili walitazamana kama watu waliooneshwa picha zao walizopigwa bila kujua. Kila mmoja alikuwa amemchukia mwenziwe kwa siku mbili nzima, kwa maneno ambayo mwenziwe hakuyasema.

Mara dalali akaingia, tope hadi magotini, anasugua viganja kwa baridi. Aliangalia huku, akaangalia huku. Alichosema sijakisahau: "Aa. Mmeshafahamiana?"

Hesabu ni nyepesi, niliifanya hapo hapo kizingitini: elfu ishirini na tano kwa kila gunia, mara magunia 42, ni 1,050,000. Hiyo ndiyo inayoitwa cha juu. Ukiongeza ujira wake wa halali wa pande zote mbili ni 168,000 nyingine. Mama yangu angelipa kwa fedha ile muhula wangu mzima wa mwisho wa chuo, ambao wakati ule nilikuwa nautafutia mkopo kwa ndugu.

Mama hakupiga kelele. Alimtazama yule kijana aliyemlisha, akasema, "Kumbe umekuwa ndumilakuwili." Basi.

Hapo bibi akainua kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani tu, neno hilo hakuwahi kulisikia. Lakini alilishika. Akauliza kwa Kinyakyusa ni nani aliyeumwa.

Swali lile la bibi ndilo lililonifanya nilipende neno hili, hata kabla sijawa mwalimu. Bibi alisikia kilichomo ndani yake kuliko mimi niliyelisoma shuleni. Kwa Kinyakyusa kuuma ni ukuluma. Wahehe na Wabena nao husema kuluma. Kiswahili zamani kilikuwa na l hiyo hiyo, ikadondoka njiani, sisi tukabaki na kuuma. Lakini ndani ya ndumilakuwili haikudondoka. N ikikutana na l huzaa nd, ndiyo maana ulimi ukiwa mwingi ni ndimi. N na luma zikikutana unapata nduma. Kisha ile -ila ni sawa na -ia yetu ya leo ya kutendea: sisi tunasema kulimia, Mnyakyusa anasema ukulimila. Na kuwili ni mahali pawili, pande mbili. Neno zima ni sentensi: linalouma huku na huku. Wengine hulifupisha kuwa ndumakuwili, nayo ni sahihi. Watu wa pwani wamelihifadhi kwenye mashairi na misemo, na sisi wa nyanda za juu tunalo kipande chake kikiwa hai midomoni mwa bibi zetu. Nikilifundisha darasani naanza na hilo, nione watoto wa Kinyakyusa na wa Kihehe wakitabasamu kwa kugundua kwamba Kiswahili sanifu kinatembea na mfupa wa lugha ya kwao.

Kabla ya kuwa mtu, ndumilakuwili alikuwa nyoka, na bado ni nyoka. Nilimwona bonde la Usangu, shambani kwa mjomba, tulipokuwa tunabomoa kichuguu cha zamani. Alitoka kwenye udongo uliovunjika, mwembamba kama kalamu ya risasi, mweusi wa kung'aa kama aliyepakwa mafuta. Nilichuchumaa kumtazama kwa karibu. Mkia wake ni butu, umekatika ghafla, umefanana na kichwa kabisa. Kichwa nacho hakina shingo, macho ni nukta mbili zilizofifia chini ya gamba. Alipotulia sikujua anaelekea wapi. Mjomba alimgusa kwa kijiti upande huu, akaenda upande ule, na nikagundua kumbe nilikuwa nautazama mkia muda wote.

Hana vichwa viwili. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Anakula mchwa na mayai ya siafu na sisimizi, anaishi gizani, akifukuliwa anatafuta tu namna ya kurudi chini. Watu wanamkatakata kwa jembe kwa hofu ya jina lake, na hilo linaniuma, maana kosa ni la jina. Lakini aliyeliunda neno alikuwa ameona kitu cha kweli. Yule nyoka ukimtazama kwa makini kabisa, huwezi kusema uso wake uko upande gani.

Sasa narudi kwa binti yangu wa dawati la mbele.

Mnafiki ana ndani na nje. Moyoni ana hiki, mdomoni ana kile. Anaweza kuwa mnafiki akiwa na mtu mmoja tu mbele yake, au hata peke yake kwenye sala. Kigeugeu ni mtu wa nyakati: leo yuko huku, kesho kule, na huenda kila mara anaposema anaamini kabisa anachokisema. Bendera hufuata upepo, lakini bendera haipepei pande mbili kwa wakati mmoja. Kauleni anaahidi na hatimizi. Msaliti anaondoka kambi moja kwenda nyingine, na akishaondoka ameondoka. Kuna mwaka tuliwapeleka wanafunzi Kalenga, kwenye jumba la makumbusho lenye fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Walipoelezwa kwamba Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa ajili ya kichwa chake, mmoja akaniuliza kama mtu ambaye angeichukua zawadi ile angeitwa ndumilakuwili. Nikamwambia hapana. Huyo angekuwa msaliti. Angeuza mara moja, na baada ya hapo asingekuwa na cha kuuza.

Ndumilakuwili haondoki. Yuko kambi zote mbili kwa wakati mmoja, na kila kambi inamhesabu kuwa wake. Hawezi kufanya kazi yake akiwa na mtu mmoja. Anahitaji watu wawili, na anahitaji wasikutane. Hapo ndipo tofauti ilipo, binti yangu. Chakula chake kinatoka kwenye ule umbali uliopo kati yao, kwa hiyo ni lazima aulinde. Ndiyo maana yule wa kwetu hakuishia kudanganya bei. Alimpa kila mmoja sababu ya kumchukia mwenziwe: huyu mkaidi, yule bahili. Bei ingeweza kuulizwa kwa simu moja tu, ila chuki ilihakikisha simu hiyo haipigwi.

Fisi wa hadithi zetu alifika njia panda, akanusa nyama pande zote mbili, akataka zote, njia mbili zikamshinda. Ndumilakuwili hazimshindi kwa sababu yeye hatembei. Amekaa pale pale kwenye panda na watu ndio wanaomletea.

Mama yangu ni mtoto wa shule za miaka ya sabini, anazijua ahadi za mwana-TANU kwa moyo. Akiwa anapalilia utamsikia: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Nilipokuwa mdogo nilidhani hizo ni ahadi mbili zimebandikwa pamoja kwa ajili ya mdundo. Siku ile ya lori nilielewa kwa nini zinakaa mstari mmoja. Uongo wa elfu ishirini na tano usingesimama bila fitina ya kuuegemea.

Maneno ya namna hii yana maisha yake, yanapanda na kushuka. Bazazi kwa Kiarabu ni muuza nguo tu, mtu wa heshima zake. Alipofika kwetu na vipimo vyake vya kuvuta kitambaa, jina likageuka kuwa la mfanyabiashara mdanganyifu. Fisadi katika kamusi za zamani ni mharibifu, na hasa mwasherati, mtu wa kuharibu nyumba za wenzake. Sisi tuliokuwa na masikio mwaka 2007 na 2008, wakati sakata la Richmond, la mkataba wa umeme, linatikisa nchi hadi Waziri Mkuu akajiuzulu, tuliona kwa macho neno likihama kutoka chumbani kwenda hazina. Leo ukimwambia mtoto kwamba fisadi aliwahi kuwa mzinzi anashangaa. Na dalali mwenyewe anatokana na neno la Kiarabu la kuonyesha, kuelekeza njia. Hilo bado halijaanguka, liko ukingoni, na watu kama yule wa kwetu ndio wanaolisukuma.

Ndumilakuwili nalo limezaa undumilakuwili, na siku hizi unalisikia redioni kwenye habari za kimataifa: undumilakuwili wa mataifa makubwa, yanayolaani jambo likifanywa na huyu na kulinyamazia likifanywa na yule. Zamani nilikuwa naona matumizi haya yamelegea, kwa kuwa huko hakuna anayeumwa kwa siri. Nimebadilika kidogo. Kupima wawili kwa vipimo viwili ni jamaa wa karibu wa kuuma kuwili. Gunia la mama lilinunuliwa kwa macho, bila kupimwa, na likifika mjini linafumuliwa na kuuzwa kwa kilo. Viazi ni vile vile.

Kinachonisumbua zaidi ni neno jingine kabisa. Habari ya lori ilienea kijijini kabla ya jua kuzama, na nilitarajia watu wakasirike. Wengi walicheka. Walisema, "Jamaa mjanja yule." Wakamwongezea na sifa, mtu wa mipango, mtu anayejua mjini. Mjanja! Sungura wa hadithi ni mjanja kwa sababu ni mdogo na anawashinda tembo na simba. Mama yangu si simba. Yule mama wa Mabibo aliyekopa fedha za mtaji si tembo. Tukimpa ndumilakuwili jina la sungura tumemvika nguo safi, na kijana wa miaka kumi na tano anayesikiliza kwenye kijiwe cha bodaboda anajifunza kwamba huo ndio werevu. Ndiyo maana nusu alama yangu sikuitoa kwa ubahili. Nataka mwanafunzi wangu atoke shuleni akiwa na jina sahihi la kumwita mtu wa aina hiyo, na alitamke mbele yake, kama mama alivyolitamka.

Siku ile biashara iliisha hivi: wale wanawake walikubaliana elfu sabini na mbili, wakaandikiana namba za simu, na dalali akalipwa ujira wake wa halali, 2,000 kwa gunia kila upande. Mama ndiye aliyesisitiza alipwe. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata alinunua mizani ya saa, ile ya kuning'iniza kwenye mti unaobebwa mabegani na watu wawili. Tulipoijaribu kwenye gunia moja la lumbesa lililobaki stoo, mshale ulipita mia, ukaenda kusimama kwenye 138. Mama alisimama anautazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu miaka.

Na dalali? Alinikuta stendi ya Uyole, miezi mingi baadaye, nasubiri gari la Tukuyu.

"Mwalimu, nasikia unanifundisha darasani."

"Sijakutaja jina."

"Watoto wa kwetu wanasoma kwako. Jina la nini?"

Alikuwa na haki, na nilimwomba radhi kwa hilo. Kisha akanieleza la kwake, na sikuona kama anaigiza. Alisema mtu wa katikati ana mdomo wa pande mbili kwa lazima ya kazi. Tajiri anavuta chini, mkulima anavuta juu, asiyezungusha maneno hapeleki mkate nyumbani. Kwamba ana barabara mbovu za kuzijua, ana polisi na ushuru wa kuhangaika nao, na anapokosa mzigo hakuna anayemuuliza watoto wamekula nini. "Mimi ndiye ninayewakutanisha," akasema.

Nikamjibu kwamba mama yangu na yule mama walikutanishwa na tope.

Alitazama chini. Akachokonoa changarawe kwa ncha ya kiatu, akauliza kama bado wanapigiana simu. Nikamwambia wanapigiana, hata kwenye misiba. Gari likafika. Nikiwa nimeshakaa dirishani akasogea, akasema niwaambie nyumbani kwamba msimu ukifika atakuja yeye mwenyewe kubeba mti wa mizani.

Alikuja. Nilikuwa likizo, kwa hiyo upande wa pili wa mti nilibeba mimi. Magunia hayakuwa na vilemba. Mama alikuwa amesimama mbele ya mizani na miwani yake, simu ameiweka kwa sauti ya nje juu ya gunia, na huko upande wa pili nilisikia honi za Mabibo na watu wanapita.

"Tisini na sita," mama akasoma.

"Tisini na sita," simu ikajibu. "Nimeandika. La pili."

Tukashusha, tukafunga la pili, tukainua.